Barua kutoka Coburg: Luther, Melanchthon na Fadhaa ya Mwaka 1530

Katika mahubiri yetu mengi juu ya Mathayo 6:25-34 yako mazoea ambayo yafaa yachunguzwe. Mhubiri husoma maneno ya Bwana juu ya ndege wa angani na maua ya kondeni, kisha humgeukia msikilizaji na kumwambia kwamba fadhaa yake ni upungufu wa imani. Msikilizaji aliyeingia kanisani na mzigo mmoja hutoka na mizigo miwili: ule wa ada ya mtoto au ugonjwa wa nyumbani, na ule wa kuambiwa kwamba haamini. Na kwa kuwa sisi ni Walutheri, mara nyingine jina la Dk. Martin Luther hutajwa kuwa shahidi, maana ni kweli kwamba aliwahi kumwandikia rafiki yake maneno makali ya namna hiyo hiyo. Katika makala hii twakusudia kumrudisha shahidi huyo mahali alipokuwa alipoyaandika maneno yake, ili tuone alimwandikia nani, kwa sababu gani, na yeye mwenyewe alikuwa katika hali gani siku hizo.

Mahali penyewe ni ngome ya Coburg huko Ujerumani, na mwaka ni 1530. Kaisari Karl wa Tano alikuwa ameita Baraza la Dola likutane katika mji wa Augsburg. Shabaha yake ilikuwa ya dini na ya vita pamoja. Mwaka uliotangulia, 1529, majeshi ya Sultani Süleyman wa Waturuki yaliuzingira mji wa Vienna, na Kaisari alihitaji watawala wote wa Ujerumani, wa upande wa Papa na wa upande wa Matengenezo, wamsaidie kwa watu na kwa fedha. Mtawala Johann wa Saksonia alisafiri kwenda barazani pamoja na wanatheolojia wake. Luther alikuwa katika msafara huo, lakini hakuweza kufika mwisho wa safari. Tangu Tangazo la Worms la mwaka 1521 alikuwa mtu aliyeondolewa katika ulinzi wa sheria za dola, na mtu ye yote angaliweza kumkamata. Coburg ilikuwa ngome ya kusini kabisa katika milki ya Saksonia. Basi hapo wakamwacha, tangu 24 Aprili hadi 4 Oktoba. Kazi ya kusimama karibu na Kaisari ikamwangukia Philipp Melanchthon.

Huyu Melanchthon twamjua zaidi kwa kalamu yake kuliko kwa moyo wake. Alizaliwa mwaka 1497, akaja Wittenberg mwaka 1518 kuwa mwalimu wa Kiyunani akiwa kijana wa miaka 21, na mwaka 1521 akatoa kitabu cha kwanza kilichoyapanga mafundisho ya Matengenezo kwa utaratibu. Hakuwekewa mikono kuwa mchungaji. Alibaki mlei maisha yake yote, jambo ambalo wanafunzi wetu husahau wanapolisoma Ungamo la Augsburg kana kwamba liliandikwa na askofu. Pale Augsburg alikuta kazi imebadilika mikononi mwake. Alikuwa amejiandaa kuitetea Saksonia kuhusu desturi za ibada zilizobadilishwa, lakini Johann Eck alikuwa amekwisha kutoa orodha ya tuhuma 404 za uzushi. Ilimlazimu Melanchthon aandike upya, aonyeshe kwamba makanisa haya hayakuiacha imani ya Kanisa Katoliki la kale, na afanye hivyo kwa lugha isiyomchokoza Kaisari wala isiyoificha Injili. Aliandika, akafuta, akaandika tena, hadi siku za mwisho kabisa.

Kaisari aliingia mjini tarehe 15 Juni, na jioni hiyo hiyo akawataka watawala wa Kiinjili wawazuie wahubiri wao wasihubiri, na kesho yake waandamane pamoja naye katika sikukuu ya Mwili wa Kristo. Walikataa. Georg wa Brandenburg-Ansbach alimwambia Kaisari usoni kwamba ni afadhali apige magoti pale pale akatwe kichwa kuliko kumkana Mungu wake. Tarehe 25 Juni, alasiri, Dk. Christian Beyer, mwanasheria wa Saksonia, alilisoma Ungamo kwa Kijerumani kwa muda wa karibu saa mbili mbele ya Kaisari, likiwa na sahihi za watawala saba na za miji miwili, Nürnberg na Reutlingen. Ndilo Ungamo lile lile ambalo Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania limelipokea katika msingi wa imani yake.

Sisi tuliozaliwa baadaye twaiona siku ile kuwa siku ya ushindi. Aliyeliandika Ungamo hakuiona hivyo. Kesho yake alimwandikia Luther kwamba wanaishi katika mahangaiko ya kusikitisha na machozi yasiyokoma. Alikuwa halali vizuri. Aliwaza kwamba neno moja lililokaa vibaya katika ibara moja laweza kuleta vita, na vita hiyo haitamwua yeye peke yake bali wakulima, wajane na watoto wa Saksonia nzima. Akauliza ni mambo gani zaidi yangeweza kuachiwa upande wa Papa ili amani ipatikane.

Hapa yafaa tutue kidogo katika lugha. Katika Biblia yetu ya Union Version, Mathayo 6 hutumia kitenzi kusumbukia, Wafilipi 4:6 hutumia kujisumbua, na 1 Petro 5:7 hutumia fadhaa. Kwa Kiyunani mzizi ni mmoja katika mahali pote patatu, ule wa merimna. Lakini mzizi huo huo Mtume Paulo autumia katika 2 Wakorintho 11:28 anapoutaja mzigo wake wa kila siku kwa ajili ya makanisa yote, na hapo watafsiri wetu wakaweka maangalizi. Tena katika Wafilipi 2:20 ni sifa ya Timotheo kwamba ataiangalia hali ya washarika kwa moyo wa kweli, na neno ni lile lile. Basi merimna si dhambi kwa jina lake tu. Iko ile inayoshika tumbo na mavazi, na iko ile ambayo mchungaji asiyekuwa nayo hafai kuwa mchungaji. Ugumu ni kwamba ya pili hugeuka kuwa ya kwanza bila mwenyewe kutambua. Hilo ndilo lililompata Melanchthon.

Na Luther je? Tusimwone kuwa mtu aliyekaa penye usalama akiwafundisha ushujaa walioko vitani. Siku za kwanza huko Coburg aliandika kwa mzaha juu ya kunguru wadogo waliojaa kuizunguka ngome, akisema kwamba nao wana baraza lao la dola, wenye wafalme na wakuu wao. Mzaha huo haukudumu. Alisumbuliwa na kichwa na mvumo masikioni hata siku nyingine hakuweza kusoma wala kuandika. Tarehe 5 Juni alipata habari kwamba baba yake, Hans, amefariki tangu 29 Mei. Veit Dietrich, kijana aliyekaa naye kama katibu, alimweleza Katharina, mke wa Luther, jinsi mume wake alivyotwaa Zaburi yake, akaingia chumbani, akalia hata kesho yake kichwa hakikumfaa kwa kazi. Nyumbani Wittenberg alikuwa ameacha mtoto wa miaka mitatu na mwingine aliyetimiza mwaka mmoja tu mwezi Mei. Katharina alimpelekea picha ya huyo mdogo, Magdalena, ili apate kitulizo. Na tena, katika juma zile zile za Juni, barua kutoka Augsburg hazikumfikia kwa siku nyingi. Alikasirika kwa kunyamaziwa, na anayejua moyo wa mtu anayengoja habari atajua kwamba hasira hiyo nayo ilikuwa fadhaa iliyovaa vazi jingine.

Barua zilipofika, alizijibu mfululizo: 27 Juni, 29 Juni na 30 Juni. Humo ndimo yalimo yale maneno makali. Alimwambia Philipp kwamba anayachukia mahangaiko yanayomla, na kwamba yanautawala moyo wake kwa sababu ya ukubwa wa kutoamini, wala si kwa sababu ya ukubwa wa jambo lenyewe. Ndivyo alivyoandika, nasi hatuwezi kuyapunguza. Lakini msomaji asiishie hapo, kama wanavyoishia wahubiri wengi. Baada ya shutuma huja hoja, na hoja ni ya mwalimu kwa mwalimu. Kinachomtesa Melanchthon, asema Luther, ni falsafa yake, si theolojia yake. Anataka kuuona mwisho wa jambo kwa akili, aushike mkononi kabla ya kupiga hatua. Mungu ameliweka jambo hili chini ya kichwa cha habari ambacho Melanchthon hakukiandika katika kitabu chake cha ufasaha wala hakikuta katika falsafa, nacho huitwa imani. Kama Musa angalisubiri kuelewa kwanza njia ya kulikwepa jeshi la Farao, Israeli wangalikuwa Misri hata leo. Juu ya swali la mambo ya kuachiwa upande wa pili, alijibu kwamba katika Ungamo lile, kwa maoni yake, yameachiwa ya kutosha na kuzidi.

Kisha yako maneno ambayo kwetu ni ya thamani kuliko yote, nayo yamo katika barua hizo za mwisho wa Juni. Luther akiri kwamba katika vita vya faragha, vile vya dhamiri mbele za Mungu, yeye ni dhaifu na Philipp ana nguvu. Bali katika vita vya hadharani mambo ni kinyume. Philipp hajali uhai wake mwenyewe, ila aliogopea jambo la wote. Luther hatetemeki kwa ajili ya jambo la wote, maana aamini kwamba ni la Kristo, ila usiku chumbani mwake huogopa mambo ambayo Philipp hayajui. Mtu aliyeandika hivyo hajiweki juu ya mwenzake. Anamkemea kwa fadhaa moja huku akikiri kwamba anayo nyingine, na kwamba katika hiyo nyingine yeye ndiye mwenye kuhitaji msaada. Hiyo ndiyo sababu shutuma yake haiwezi kuchukuliwa na kutupwa kutoka mimbarani juu ya vichwa vya watu ambao mhubiri hajawaungamia udhaifu wake.

Vita hivyo vya faragha Luther aliviita Anfechtung. Sisi hutafsiri majaribu, lakini ndani ya neno la Kijerumani mna kupigana, mna mtu anayeshambuliwa. Labda neno letu la kila siku, wasiwasi, liko karibu zaidi kuliko tunavyodhani, kwa maana katika Kiarabu lilikotoka ni mnong'ono wa mshawishi sikioni mwa mtu. Luther angalilielewa mara moja. Hakuiona fadhaa kuwa tabia tu ya moyo. Aliisikia kama sauti, na sauti hujibiwa kwa sauti. Ndiyo maana aliposhambuliwa aliomba kwa kinywa. Dietrich alimwandikia Melanchthon tarehe 30 Juni kwamba haipiti siku ambayo Luther hatumii angalau saa tatu katika maombi, tena saa zilizo bora kwa masomo, na kwamba siku moja alipata bahati ya kumsikia akiomba: alisema na Mungu kwa heshima kama mbele za Mungu, na kwa matumaini kama mtu asemaye na baba au rafiki. Alizishika ahadi za Zaburi, akamkumbusha Mungu kwamba jambo hili ni lake. Wakati huo huo alikuwa akiifafanua Zaburi ya 118, na mstari wake wa 17, ule wa kutokufa bali kuishi na kuyasimulia matendo ya Bwana, ulikuwa kama neno lake la vita. (Husemwa pia kwamba wimbo wake wa Zaburi ya 46 ulitungwa Coburg. Haiwezekani, kwa kuwa ulikuwa umekwisha kuchapishwa kabla ya safari ile.)

Maombi hayo hayakuwa kimbilio la mtu aliyeacha kazi. Coburg aliendelea na tafsiri ya manabii, aliandika hotuba ndefu ya kuwahimiza wazazi wawaache watoto wao shuleni, hata akaanza kuzitengeneza hadithi za Esopo kwa ajili ya vijana. Mtoto wake Hans alimwandikia barua juu ya bustani nzuri yenye watoto, matunda na farasi wadogo. Na miaka mitatu kabla, tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527 na chuo kikuu kuhamia Jena, alibaki na Johannes Bugenhagen kuwahudumia wagonjwa, nyumba yake ikawa kama hospitali. Lakini katika kijitabu alichowaandikia wachungaji wa Breslau mwaka huo aliwakemea wale wanaokataa dawa na kujipeleka penye maambukizo bila sababu, akisema kwamba huko ni kumjaribu Mungu. Tunalitaja hilo kwa sababu wako leo wanaomwambia mgonjwa wa moyo au wa akili kwamba akienda kwa daktari amepungukiwa imani. Wasimtaje Luther.

Vilevile, kutoka Coburg hiyo hiyo, mwezi Julai, alimwandikia Hieronymus Weller, kijana aliyemfundisha mwanawe nyumbani Wittenberg na aliyelemewa na huzuni nzito. Hakumwambia aongeze mfungo. Alimwambia aukimbie upweke, atafute watu, azungumze, acheze, afanye mzaha, hata anywe zaidi kidogo ili kumkasirisha Ibilisi. Shauri hilo la mwisho hatulipendekezi kwa wachungaji wetu, ambao wamezika wengi walioharibiwa na pombe. Lakini yale yaliyotangulia ni uchungaji wa hali ya juu, na twashangaa kwamba hayasikiki katika mahubiri yetu kama zinavyosikika zile shutuma. Upweke wa mchungaji katika usharika wa mbali, asiye na mwenzake wa kumweleza lililo moyoni, ni jambo ambalo dayosisi zetu hulizungumza kwa nadra, na semina za wachungaji hulipita haraka kwenda kwenye bajeti.

Mambo ya Augsburg yalikwisha bila ushindi. Tarehe 3 Agosti jibu la upande wa Papa lilisomwa. Siku mbili baadaye Luther alimwandikia Gregor Brück, mshauri wa Mtawala, akimweleza mambo mawili aliyoyatazama kutoka dirishani: mbingu yenye nyota isiyo na nguzo hata moja, ambayo watu huihofia kwa kuwa hawazigusi nguzo zake, na mawingu mazito ya maji yaliyopita juu bila chombo cha kuyabeba. Tarehe 22 Septemba Kaisari alitangaza kwamba Ungamo limekanushwa, akawapa watawala wa Kiinjili hadi 15 Aprili 1531 wajirudi. Vita haikuja mwaka huo, kwa kuwa hofu ya Waturuki ilimfunga Kaisari mikono, na mwaka 1532 ikapatikana amani ya muda huko Nürnberg. Lakini ilikuja. Mwaka 1547 jeshi la Saksonia lilishindwa Mühlberg, na mji wa Wittenberg ukajisalimisha kwa Kaisari. Melanchthon hakuwa ameogopa kivuli. Alikosea saa tu, kwa miaka kumi na saba. Yatupasa kuyasema haya wazi, kwa sababu faraja inayojengwa juu ya kudhani kwamba jambo linaloogopwa halitatokea haifanani na ile ya Coburg. Luther hakumwambia rafiki yake kwamba vita haitakuja. Alimwuliza Ibilisi anaweza kufanya nini zaidi ya kutuua.

Miaka kumi na sita baadaye jambo hilo lilimrudia nyumbani. Januari 1546, mgonjwa tayari, alisafiri kwenda Eisleben kuwapatanisha wakuu wa Mansfeld. Katharina alibaki akihangaika, na barua zake zikamfuata. Luther alimjibu tarehe 7 na 10 Februari kwa utani wa mume mzee, akimwita mtakatifu wa mahangaiko. Alimwambia kwamba anaye mwangalizi aliye bora kuliko yeye Katharina na kuliko malaika wote, aliyelala horini na sasa ameketi mkono wa kuume wa Mungu. Kwamba aombe na kumwachia Mungu kuhangaika, kama isemavyo Zaburi ya 55. Na kwamba tangu alipoanza kuhangaika, moto umekaribia kuwateketeza na jiwe limekaribia kuwaangukia. Tarehe 18 Februari alifariki huko huko Eisleben. Katharina alikuwa ameona sawasawa. Hatudhani kwamba barua zile zilikuwa uongo kwa sababu hiyo, ila twafikiri kwamba mjane aliyezisoma tena mwezi Machi alizisoma kwa namna nyingine kuliko tunavyozisoma sisi.

Melanchthon yeye hakupona kabisa. Mwaka 1540, kwa fadhaa ya mambo ya ndoa ya pili ya Philipp wa Hessen ambayo yeye na Luther walihusika nayo, aliugua huko Weimar karibu na kufa. Luther alifika, akamwombea kwa nguvu, akamlazimisha kula akimtishia kumtenga na kanisa. Alipona, akaendelea kufundisha, na kuhangaika. Baada ya kifo cha Luther alihangaika peke yake, akitukanwa na wanafunzi wa Luther waliomwona mwoga. Imani haikumgeuza kuwa mtu wa tabia nyingine. Ilimwezesha kufanya kazi miaka thelathini baada ya Augsburg akiwa na tabia ile ile.

Siku chache kabla ya kufa alichukua karatasi akaandika, katika safu mbili, sababu za kutoiogopa mauti. Upande mmoja aliandika kwamba ataachana na dhambi, na kwamba atawekwa huru mbali na masumbufu na hasira kali ya wanatheolojia. Upande wa pili aliandika kwamba ataingia nuruni, atamwona Mungu na Mwana wake, na atajifunza yale mafumbo ambayo hakuweza kuyaelewa hapa: kwa nini tumeumbwa jinsi tulivyo, na jinsi asili mbili zilivyoungana katika Kristo. Alifariki Wittenberg tarehe 19 Aprili 1560, akazikwa kando ya Luther.